Fomu Iliyoanza kwa Salamu

Tanga, 5 Januari 2025

Mpwa wangu Twaiba,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hutabiri mvua mapema kuliko redio. Mkaza mjomba wako naye hajambo, amemaliza kushona pazia ambalo nimeishi nalo likiwa nusu tangu Idi iliyopita. Nisalimie mama yako, dada yangu Mwanasha, na umwambie dawa ya sukari humezwa hata siku anayojisikia vizuri.

Nimemuuliza kwa simu unafanya kazi gani huko Ukunda, akanijibu, "Kazi ya kompyuta." Sikuridhika. Mimi nilisahihisha chapa katika kiwanda cha uchapaji hapa Tanga miaka thelathini na mmoja, na mtu angeweza kusema nilifanya kazi ya karatasi. Kazi ya karatasi hufanya pia muuza maandazi anapoyafunga.

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Unaketi wapi, mbele yako kuna nini, unapenda nini katika kazi hiyo na unachukia nini. Usinipe jibu la kumpa mgeni. Ulipokuwa na miaka tisa uliniandikia jinsi mbuzi wenu alivyozaa, na hukuacha kitu.

Barua hii anaileta Garama, dereva wa lori la saruji. Akivuka mpaka pale Lunga Lunga hupita Ukunda, na jibu lako umpe yeye. Simu naiweka kwa misiba na harusi.

Mjomba wako,
Chirau

*

Ukunda, 26 Januari 2025

Mjomba wangu Chirau,

Shikamoo. Nashukuru Mungu, sisi huku hatujambo. Mama ameisikia habari ya dawa, akacheka, akasema umekuwa ukimwamuru tangu hajaota meno. Lakini amemeza. Kliniki ya Msambweni wamempa tarehe ya mwezi wa tatu. Mbuzi yule uliyemtaja, mjukuu wake amezaa juzi, wawili, na safari hii sitakueleza.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Tuko kumi na wanane. Wenyeji ni wawili, mimi na Swabir wa Jego. Wengine wametoka bara. Msimamizi wetu anaitwa Cynthia, wa Nakuru, mtu wa haraka lakini si mbaya. Mteja wetu yuko nje ya nchi, anatengeneza mashine ya kujibu simu kwa Kiswahili: mtu apige, aulize habari za mbegu au mifugo au zahanati, mashine imjibu. Ili mashine izoee maneno ya watu, sisi tunasikiliza simu zilizorekodiwa na kuziandika kipande kwa kipande. Yanayosemwa humo siwezi kukwambia, nimetia saini.

Ninachopenda. Kule hotelini Diani nilikuwa nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Hapa hakuna anayeniangalia uso. Nikikosea, kosa hutiwa mstari mwekundu, basi. Mstari hauniulizi mimi mtoto wa nani. Napenda kiyoyozi, nisikudanganye. Napenda sauti za watu, Mjomba, maana baada ya wiki chache unamjua mtu wa Vanga na mtu wa Kilifi kabla hajamaliza neno la tatu. Na zaidi ya yote napenda kwamba jioni narudi kwa mama. Binamu Zainabu hutupigia kutoka Ghuba mara moja kwa wiki, akiwa amejifungia bafuni. Wakala aliyempeleka bado hunitumia ujumbe kuniuliza kama niko tayari.

Nisichopenda. Pembeni mwa skrini kuna saa ndogo. Mkono wako ukiacha kipanya dakika tatu, saa inakuandika kwamba hupo. Nikienda kuswali adhuhuri katika chumba cha stoo, sipo. Mwisho wa mwezi alama zangu zinapungua, na mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, kwa hiyo alama ndizo shingo yetu.

La mwisho utaliona dogo. Tumepewa kitabu cha kanuni, na kanuni ya sita inasema salamu zisiandikwe. Tuzikate, tuanzie pale mtu anaposema shida yake. Mzee anapiga simu, anasalimu, anauliza habari za watoto, za shamba, za mvua, na mimi kazi yangu ni kuyachora yote hayo mstari wa kijivu na kuyapa jina "kelele". Siku ya kwanza nilihisi kama nimemfungia mtu mlango usoni. Sasa nafanya hivyo mara mia mbili kwa siku.

Mwezi ujao tutapewa fomu ya kujaza kwenye kompyuta, isiyo na jina, inayouliza swali lako hilo hilo: unapenda nini, huchukii nini. Samahani, naandika haraka, unachukia nini. Wenzangu husema usijaze kitu, andika "kila kitu sawa".

Naandika kwa mkono kwa kuwa mchana kutwa naandika kwa mashine. Vumilia mwandiko.

Mpwa wako,
Twaiba

*

Tanga, 9 Februari 2025

Mwanangu Twaiba,

Assalamu alaykum, na marahaba. Barua yako imenifikia na harufu ya dizeli ya Garama. Tumeisoma wawili, mkaza mjomba wako akasimama kwenye habari ya kiyoyozi, mimi kwenye kanuni ya sita.

Si jambo dogo. Mwenye kupiga simu anaposalimu hupima kama kuna mtu upande wa pili, tena mtu wa namna gani. Anayekata kipande hicho hajakata kelele.

Fomu ikija, waandikie kama ulivyoniandikia mimi. Kama wamekuuliza, wajibu. "Kila kitu sawa" ni jibu la mtu aliyekwisha kuondoka. Tena umeniambia haina jina, basi una hofu gani? Ila andika kwa adabu, kama nilivyokufundisha. Mtu akiona adabu hata lawama huisoma mpaka mwisho.

Niliwahi kuona sanduku la maoni mahali nilipofanya kazi kabla ya kuja huku. Lakini hilo ni jambo jingine.

Ramadhani inakaribia. Mtunze mama yako, asifunge kwa ubishi kama daktari amemkataza.

Chirau

*

Ukunda, 9 Machi 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Mama amekatazwa kufunga, na anakula kwa siri kana kwamba anaiba, ingawa sisi wote tunajua na ni sisi tunaompikia. Kliniki wamesema sukari imeshuka.

Nina shida, na imetokana na ule ushauri wako, ingawa sikulaumu.

Nilijaza fomu. Niliandika habari ya saa, ya swala, ya mikataba, na ya kanuni ya sita nikaandika zaidi. Niliisoma mara tatu, nikaona imekaa vizuri, nikaituma. Alhamisi bosi wa Nairobi alikuja. Alituketisha wote, akasema mteja amezisoma fomu na moja imemshughulisha, kisha akampa Cynthia aisome kwa sauti. Cynthia akaanza: "Assalamu alaykum. Baada ya salamu, natumaini nyote hamjambo pamoja na jamaa zenu, nasi huku tunaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu."

Watu walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Mjomba, sikujua hata kwamba nimeyaandika. Kidole kilianza chenyewe. Nimekuandikia wewe tangu nina miaka saba, sijui mlango mwingine wa kuingilia karatasi.

Kisha wote wakamgeukia Swabir. Yeye ndiye kila asubuhi hupita meza baada ya meza kumpa kila mtu mkono, na ndiye huenda msikitini adhuhuri, mimi nikiwa stoo ambako hakuna anayeniona. Mimi huwa nimeziba masikio kwa spika za kusikilizia, alama zangu ni za juu, sisemi na mtu. Haikumpitia yeyote akilini kuniangalia mimi. Bosi akasema, "Kumbe tuna mshairi." Swabir akacheka pamoja nao. Hakukana.

Tulipokuwa tukishuka ngazi aliniambia kwa upole, maana aliwahi kuniona nikikuandikia, "Mjomba wako amekufundisha vizuri." Basi, akaenda zake.

Mkataba wake unakwisha Aprili, na wangu pia. Wanasema wake hautaongezwa. Ana watoto wawili. Nikisema ni mimi, nitatoka mimi, na wakala wa Ghuba ana namba yangu.

Nilikupigia mara mbili. Ulisema sauti haisikiki, niandike. Mimi nilikusikia vizuri sana. Nimeandika. Nifanyeje?

Twaiba

*

Tanga, 20 Machi 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, futari inatuzidi, tunawapelekea majirani. Nimefurahi kwa habari ya sukari ya mama yako.

Kuhusu lile jambo, nyamaza kwa sasa. Mambo ya kazini huvuma wiki mbili yakapita. Huyo kijana hajafukuzwa. Yanayosemwa ni uvumi. Usijitoe kabla hujaitwa. Fikiria mama yako.

Garama ana haraka, ndiyo sababu ya ufupi.

Chirau

*

Ukunda, 6 April 2025

Mjomba,

Shikamoo. Idi ilikwenda salama. Mama anakusalimu.

Barua yako nimeisoma. Garama aliniambia alilala Tanga siku mbili akingoja mzigo, kwa hiyo haraka ilikuwa ya mtu mwingine.

Swabir amepewa karatasi. Mwisho wake ni tarehe thelathini mwezi huu. Bado anapita meza baada ya meza kutupa mkono, akifika kwangu ananipa mkono kama wengine, hazidishi wala hapunguzi. Ningependelea anitukane.

Umenifundisha kuandika kila kitu. Hukunifundisha kunyamaza, na naona kama umenituma mahali ambapo wewe mwenyewe hupajui.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Twaiba

*

Tanga, 20 Aprili 2025

Mwanangu Twaiba,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu za leo nakupa zote, kwa kuwa ndizo habari yenyewe. Mkaza mjomba wako amelala mchana huu, goti haliniumi, mvua imeanza. Umeandika April bila herufi ya mwisho. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, mkono uliozoea. Kisha nikaona sina haki ya kukusahihisha kitu mpaka nimekwambia hili.

Mahali pale napajua. Ndipo nilipotokea.

Mwaka 1983 nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha makumbi ya nazi karibu na Msambweni. Hakipo tena, tulisokota kamba na kushona mazulia ya mlangoni. Kulikuwa na mashine ya kuchambua makumbi iliyokuwa na meno, na haikuwa na kinga. Ilimkata mama mmoja vidole viwili. Meneja aliweka sanduku la mbao langoni, akasema mwenye maoni aandike, si lazima atie jina.

Niliandika. Mwandiko wangu walikuwa wakiujua, kwa hiyo nikatumia taipureta ya stoo. Halafu nikafikiria zaidi. Wote walinijua kama karani wa salamu ndefu, hata risiti ya misumari nilikuwa nikiianza na "Ndugu, hujambo". Basi nikaziondoa. Niliandika mistari minne mikavu: mashine haina kinga, imemkata mtu, itamkata mwingine, iwekeni. Nilijiona mwerevu.

Kulikuwa na fundi wa mitambo, Mduruma wa upande wa Kikoneni, akiitwa Boga. Alikuwa akiingia asubuhi moja kwa moja mpaka kwenye mashine yake bila kumtazama mtu. Hakuwa na kiburi, ndivyo alivyokuwa. Watu walimtania kwamba hata mkewe alimposa kwa kikohozi. Meneja akaisoma karatasi mbele yetu, akasema, "Hii haina hata habari ya asubuhi. Ni ya Boga." Watu wakacheka, kama hao wenzako. Boga ndiye pia aliyekuwa akiitengeneza ile taipureta, kwa hiyo jambo likaonekana limekwisha.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alikuja stoo kurudisha vifaa, na aliyevipokea ni mimi. Spana saba, ovaroli moja, kopo la grisi. Nikamwandikia hati, akatia saini. Akaniangalia kidogo, akatoka. Nilikuwa na nafasi ya kusema tangu alipoingia mpaka alipofika langoni, hatua arobaini hivi. Nilizihesabu baadaye, mara nyingi.

Wiki ya tatu kinga iliwekwa. Hilo lilizidi kunitesa, kwa kuwa nilipata nilichotaka na yeye ndiye aliyekilipia. Baada ya miezi miwili nilivuka Lunga Lunga na sanduku moja, nikasema nimepata kazi ya uchapaji. Kazi niliipata baadaye. Unajua kwamba sijarudi. Mlidhani ni shughuli, kisha pasipoti, kisha goti. Kutoka hapa mpaka mpakani ni mwendo wa asubuhi moja. Nimekaa mbali nao miaka arobaini na mmoja.

Tangu hapo sijaandika barua isiyo na salamu. Wewe nilikufundisha hivyo kwa sababu hiyo, bila kukwambia. Umekamatwa kwa salamu zile zile nilizozikimbia mimi siku ile, au ungekamatwa kama wangekuwa na macho.

Nilipokwambia unyamaze nilikuwa nimerudi stoo, nimeshika ile hati. Usinifuate. Nenda useme ni wewe, kabla ya tarehe thelathini. Ukikosa kazi, njoo huku na mama yako; nyumba ina vyumba vitatu na pazia jipya. Ghuba huendi.

Chirau

*

Ukunda, 11 Mei 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama mzima, mbuzi wazima, mahindi yametoka vizuri baada ya mvua. Barua yako ya tarehe ishirini nimeipata Mei mbili. Lori la Garama lilizuiliwa Lunga Lunga kwa karatasi za mzigo, na yeye mwenyewe alilala chini ya turubai siku nane na barua yako kifuani.

Kwa hiyo nilisema kabla haijafika. Nataka ulijue hilo kwanza: sikusubiri ruhusa, na ninafurahi kwamba ruhusa ilikuwa njiani.

Ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na tatu. Swabir alipita kutoa mikono kama kawaida. Alipofika kwangu niliona amevaa shati la Idi, nikamuuliza kuna sherehe gani, akasema, "Nimebakiza siku tano za kuwasalimu nyinyi, nimeona nivae vizuri." Nilivua spika masikioni, nikaenda kwa Cynthia, mkono wangu ukiwa umeacha kipanya na saa ikinihesabu kwamba sipo.

Nilimwambia, "Ile fomu ni yangu. Salamu zile ni zangu, Swabir hajui kitu."

Cynthia alinisogezea kiti. Kisha akasema, "Twaiba, kaa chini. Mbona hukuniambia tangu Machi? Sikuamini kuwa ni Swabir, nimekuwa nikitafuta aliyeandika."

Alikuwa na habari ambayo hatukuipata sisi wa mezani. Mteja aliiwasha ile mashine ya simu kwa majaribio mwezi wa pili. Watu wakapiga. Mtu akasema "Shikamoo," mashine ikanyamaza, inangoja shida. Akasema "Hamjambo huko?" ikanyamaza. Akaona hakuna mtu, akakata simu. Nusu ya waliopiga kutoka pwani hawakufika hata kwenye swali lao. Mashine haikuwa imewahi kusikia salamu, Mjomba. Sisi ndio tuliozikata zote. Mteja aliposoma fomu ndipo alipojua kasoro iko wapi, na wasiwasi wake ulikuwa huo. Bosi wa Nairobi alidhani analaumiwa, akatafuta wa kumtupia.

Cynthia alipiga simu mbele yangu. Sikuyasikia ya upande wa pili, ila nilimsikia akisema mara mbili, "Hapana, huyu ndiye tunayemhitaji." Nilikaa pale nimeikalia mikono yangu.

Kanuni ya sita imefutwa. Sasa kuna watu wawili kazi yao ni kurudia simu zote za zamani na kuandika salamu, kila moja mahali pake, na kuieleza mashine ijibu nini. Hao wawili ni mimi na Swabir. Mikataba yetu imeongezwa, si miezi mitatu, ni mwaka. Saa ya pembeni bado ipo, ila dakika za swala zimetolewa, tunabonyeza kitufe. Bosi hajaomba radhi, wala sikungoja. Namba ya wakala nimeifuta, mama akasimama juu yangu kuhakikisha.

Swabir nilimuuliza kwa nini hakukana. Akasema, "Ningekana wangebaki na mmoja tu wa kumshika." Nililia kidogo, naye akajifanya anarekebisha waya wa kompyuta.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipokufanyia jambo bila kukuuliza. Jumamosi iliyopita nilichukua bodaboda mpaka Kikoneni. Niliuliza fundi Boga wa zamani, nikaelekezwa nyumba ya tatu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anafungua pampu ya maji ya jirani. Ni mzee mwembamba, macho mazima, mikono ina grisi. Nilisalimia kwa kirefu, akaitikia kwa kichwa. Nikajua ndiye.

Nilimwambia mimi ni mpwa wa Chirau, karani wa stoo. Akaendelea kufungua. Nikamsomea barua yako, sehemu ya kiwanda mpaka zile hatua arobaini, neno kwa neno. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: "Kinga waliiweka?" Nikasema umeandika kwamba waliiweka wiki ya tatu. Akasema, "Basi."

Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini alifuta mikono, akasema alijua tangu siku ile ile. Taipureta alikuwa akiitengeneza yeye, na zaidi yake ilikuwa ikiguswa na mtu mmoja tu, wewe. Nikamuuliza kwa nini hakukutaja. Akasema, "Mimi nilikuwa na shamba. Yeye alikuwa na karatasi tu. Ningemtaja tungetoka wawili, na kinga isingewekwa." Alikwambia kwa macho pale stoo kwamba anajua, anasema, akadhani umeelewa. Hakujua kwamba uliondoka kwa ajili hiyo. Alidhani umepata kazi.

Alinipa muhogo wa kuchoma na maji. Nilipokuwa napanda bodaboda nikamuuliza kama ana neno la kukupelekea. Aliirudia pampu yake mpaka dereva akawasha pikipiki. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeinua kitu kizito:

"Mwambie Boga anamsalimu."

Mpwa wako,
Twaiba

*

Tanga, 25 Mei 2025

Mwanangu Twaiba,

Marahaba, tena marahaba. Salamu zako leo nimezifupisha, nyingine nazibeba mwenyewe.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha mkaza mjomba wako akanisomea tena kutoka "Jumamosi iliyopita", kwa kuwa miwani ilikuwa na ukungu. Alipofika mwisho aliikunja. Alikwenda akaliteremsha sanduku juu ya kabati, lile lile la 1983, akalipangusa vumbi.

Umenivuka, na umefanya vyema. Nilikuwa nimeyaficha kwa miaka mingi mambo ambayo Boga mwenyewe aliyamaliza kwa neno "basi". Usiku ule nililala mpaka alfajiri bila kuamka, na goti likaninyamazia, ingawa mvua ilinyesha.

Hati ya kusafiria nimeipata. Garama atanichukua Jumapili, amenipa kiti cha mbele na kuniahidi kwamba karatasi za mzigo safari hii zimekamilika. Tutafika kabla ya Idi. Mama yako asipike mambo makubwa. Ubwabwa na samaki wa kupaka vyanitosha, na aniache nimtazame.

Nimejaribu kuandika nitakayomwambia Boga. Nimeandika kurasa mbili, nikazisahihisha, ikabaki moja, nikaisahihisha, ikabaki mistari minne. Nimeichana. Mistari minne nilikwisha kumwandikia mara moja.

Usimpe habari ya siku nitakayofika Kikoneni; hapendi kungojea watu. Nitashuka mwenyewe, nitapiga hodi kwenye nyumba ya tatu, na nitamsalimu kwa jina lake. Kisha nitanyamaza, nimwachie nafasi ya kujibu.

Mjomba wako anayekuja,
Chirau